Siku Profesa Alipokunywa Sampuli Zangu

Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini, na hata leo nikiikumbuka lazima nisimame, nitembee kidogo, ndio nirudi kuketi, kwa hivyo mnivumilie.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamifu ya sayansi ya dawa, mmoja wa wanafunzi kumi katika mtandao wa vyuo vya nchi tano, kila mtu na kitu chake cha kuchunguza. Changu kilikuwa senetwet, ule mti ambao sisi Wakipsigis tunachoma vijiti vyake na kusugua makaa ndani ya kibuyu, ndio mursik, maziwa yetu ya kulala, ikae bila kuharibika. Miezi mitatu nilizunguka kutoka Sotik mpaka Mulot nikikata matawi, kila fungu nikalifunga karatasi yenye namba, na profesa wetu kutoka Ubelgiji alikuwa anakuja kuyakagua. Akiridhika, ningeenda kwenye maabara yao mwaka mzima. Asiporidhika, nafasi ingeenda kwa mwingine (na mimi nilikuwa nimeshaaga nusu ya kijiji chetu, Mogogosiek!).

Sasa kwetu mvua haikatiki, kwa hivyo mafungu yangu niliyatundika jikoni kwa mama, juu ya meko, yakauke. Kosa ni kwamba sikumwambia ni ya nini. Niliona haya. Mama alikuwa amesimama kanisani akashukuru Mungu kwa kijana wake anayetengeneza dawa na wazungu, sasa nimwambie nimesoma miaka yote hiyo nije kuchunguza vijiti anavyochoma kila wiki? Nikanyamaza, nikarudi Nairobi.

Siku ya ukaguzi nilifika na profesa pamoja na Dokta Wanjiru, msimamizi wangu wa Nairobi. Mama akatukaribisha kwa mursik, profesa akamaliza kikombe akaongezewa, nami roho haitulii, nataka tu tuende jikoni tumalize. Nikatangulia. Juu ya meko hapakuwa na kitu. Kando ya jivu kulikuwa na kipande cha karatasi kilichoungua, mwandiko wangu mwenyewe: Mulot 7.

Nikarudi sebuleni nikitabasamu kama mjinga, na mama, kwa furaha yake, akasema kwa Kipsigis, "Kijana wangu aliniletea senetwet nzuri, kavu kabisa. Nimeichoma yote kwa ajili ya wageni. Hata karatasi zake zimewasha moto vizuri."

Profesa akauliza mama amesema nini.

"Anasema karibuni sana," nikatafsiri, "na sampuli amezihamishia kwa jirani."

"Basi twende kwa jirani," profesa akasema, na tayari alikuwa amesimama.

Tukaenda! Matope mpaka kwenye vifundo, majani chai yamelowa pande zote mbili, mimi mbele naharakisha bila kujua naenda kwa nani, nikiomba hata ng'ombe atufukuze. Dokta Wanjiru akanishika mkono.

"Kiprono, wachana na hiyo maneno ya jirani. Baba yangu alikuwa na duka Sotik, mimi Kipsigis nasikia yote. Mwambie ukweli ama nimwambie mimi."

Miaka miwili alinisimamia na sikuwahi kumuuliza alikolelewa. Nikamwambia profesa, hapo hapo kwenye matope, kwamba sampuli tumezinywa. Akauliza swali moja tu: mama yako alijua ni sampuli? Nikasema hapana.

Nafasi ilienda kwa mwenzangu wa Ethiopia. Mimi nikarudi kukata matawi upya, na safari hii mama alikuja nami, akanionyesha mti gani unafaa na gani unaachwa, mambo ambayo sikuwa nimeyasoma popote. Siku ya pili akasimama, panga mkononi, akaniuliza, "Kwani ulikuwa unaonea haya senetwet, ama mimi?"

Tangu siku hiyo siachi hata mfuko katika nyumba ya mtu bila kumwambia mwenye nyumba kuna nini ndani, na nikianza kueleza kazi yangu popote, naanzia jikoni kwa mama.