Sikio la Jaji Halina Ndugu

Enzi zetu kule Werugha, hakuna aliyehitaji kutangaziwa kwamba mashindano ya muziki yamekaribia. Kina mama wakichuma kabichi walikuwa wanaimba wimbo wetu wa kwaya, maana tuliufanyia mazoezi kila jioni na sauti zilipenya ukungu zikafika mashambani. Wenzangu mliokulia milimani, mnaikumbuka baridi ile? Miguu mitupu, sweta limetoboka viwiko, na mwalimu anatuhimiza tufungue midomo mpaka magego yaonekane. Vijana wa leo ukiwaambia waimbe bila maikrofoni, wanauliza kwani stima imepotea.

Kwaya itakayoshinda pale kwetu ilikuwa iteremke Voi kwa mashindano ya wilaya. Na Voi kulikuwa na treni! Mimi sikuwa nimewahi kuiona, na niliitamani mpaka nikawa naiota. Tena mimi ndiye niliyekuwa mwanzishaji wa wimbo, na jaji mkuu alikuwa baba yangu mzazi, mwalimu wa shule ya jirani. Basi kijiji kizima kilijua tumeshashinda. Jirani yetu alikwisha kuniagiza nimletee machungwa ya Voi.

Siku ikafika. Baba aliketi mezani na majaji wenzake wawili na kengele yake ndogo. Kila kwaya ikimaliza, alisimama akasema mbele ya wote: hapa sauti ya pili ilizama, pale mlikimbia mdundo. Hakumnong'oneza mtu. Aliyesifiwa alisikia, na aliyekosolewa alisikia vilevile.

Tukaitwa. Tulipojipanga nikamwona Baba anainuka. Akawaambia wenzake, na ukumbi mzima ukamsikia, "Hapa kuna mtoto wangu. Amueni nyinyi." Akatoka nje.

Jamani! Nilikitazama kile kiti kitupu, na nilipofika ubeti wa pili maneno yakanitoka kichwani. Wimbo wetu ulikuwa wa kuiita mvua ije shambani. Mimi nikaita ng'ombe. Ng'ombe njoo shambani! Kwenye kabichi za watu! Ukumbi ukaangua kicheko, lakini kwaya ikaitikia tu, na mimi nikaendelea mpaka mwisho machozi yakinilengalenga.

Majaji wawili waliobaki wakatukosoa mbele ya wote kama wengine, tukawa wa pili. Kwaya nyingine ndiyo iliyokwenda kuona treni, nami nililia njia nzima. Nyumbani Mama alimwekea Baba kimanga chake, kile chakula chetu cha kuponda, mezani kwa kishindo. Mwishowe Mama akashindwa kuvumilia.

"Mtu mzima anamkimbia mtoto wake mbele za watu?"

"Sikio la jaji halina ndugu, Mama Mghoi," Baba akajibu. "Langu linaye."

Nililala nimemkasirikia kweli kweli. Asubuhi nikatumwa maziwa zizini, na kabla sijafika nikamsikia anakamua huku anaimba. Ulikuwa ubeti wangu wa pili. Ng'ombe njoo shambani, ng'ombe njoo! Kumbe jana yake alikuwa amesimama chini ya dirisha la ukumbi, kwenye ukungu ule, akasikiliza wimbo wote. Nilisimama pale na kikombe changu, hasira ikayeyuka yote. Aliponiona akacheka. "Ulikosea," akasema, "lakini hukusimama."

Siku hizi ninaishi Voi. Treni inapita, hata shingo sigeuzi. Mjukuu wangu, Mghoi mwenzangu, majuzi aliingia mashindano ya kuimba, yale ya kwenye simu, ambapo mwenye kura nyingi ndiye bora. Akaandika kwenye grupu la familia: "Pigeni kura, hata kama hamjafungua video." Hata kama! Mjomba wake wa Nairobi akapiga, akawapigisha na wafanyakazi wenzake wote. Mimi nikakataa.

"Shosh, hata wewe?" akanilalamikia. Nikamwambia habari ya sikio na ndugu, akaguna tu.

Akashinda. Jumapili akaja kwangu, uso bado umenuna. Nikamuuliza hao wote waliompigia kura walisema nini kuhusu wimbo wake.

"Walituma vile vipicha vya moto tu."

Nilimwonea huruma. Sisi tulishindwa, lakini tulirudi nyumbani tukijua sauti ipi ilizama na wapi tulikimbia. Huyu wangu kashinda, na hakuna hata mmoja aliyemwambia aliimbaje.

Basi nikaendelea kumenya viazi, nikaanza kuuimba wimbo wake polepole, ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka pale pumzi ilipomwishia katikati ya neno. Nami nikalikata neno hilo vilevile alivyolikata, nikavuta pumzi, nikaendelea.

Akaweka simu chini. Macho yakamjaa maji.

"Shosh, hapo nilikosea."

"Najua," nikamwambia. "Lakini hukusimama."