Unga wa Kikombe Kilekile

Mpishi wa mikate katika bweni la wanafunzi wa uuguzi aliitwa Bi Kikombe, na jina lilimkaa. Miaka ishirini na saba alipima kila kitu kwa kikombe kimoja cha bati. Ukimtajia mizani, anakuuliza kama unataka kuoka au kuuza nyama.

Sasa mwisho wa mwezi anastaafu. Wa kushika nafasi yake alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeoka mikate ya jioni kwa miaka sita. Ila mikate ya wifi, maskini, ungeweza kuitumia kuzuilia mlango. Matroni hakuzunguka mbuyu: Ijumaa wifi aoke peke yake, kwa vipimo vya gramu vilivyoandikwa. Akiharibu, mikate itanunuliwa kiwandani naye atafute kazi kwingine.

"Una mkono mzito, wifi," Bi Kikombe alizoea kumtania. "Unga wenyewe unakuogopa."

Zamani wifi alicheka. Wiki hiyo hakucheka.

Jumatano mizani ikaletwa, ili vikombe vigeuzwe kuwa gramu. Bi Kikombe akachota kikombe cha unga: gramu mia moja ishirini na tano. Wifi akaandika, kisha akachota chake kwa kikombe kile kile: mia moja sitini.

"Weee! Mizani hii imelewa nini?" Bi Kikombe akamaka.

Wakarudia, mambo yakawa yale yale. Hapo Bi Kikombe, aliyeapa kutogusa mizani, udadisi ukamvaa, hata chai yake ikapoa. Akapima maji, wakalingana. Akapima sukari, wakakaribiana. Unga tu ndio uliokuwa mkorofi.

"Chota tena polepole, nikuone," akasema, miwani imemshuka puani.

Wifi akazamisha kikombe guniani, akakigonga mezani mara mbili, akajazia, akasawazisha kwa kisu. Bi Kikombe yeye alichota kwenye beseni, unga aliouchekecha alfajiri, umejaa hewa.

"Kumbe unachekecha?" wifi akauliza.

"Natoa wadudu, basi! Mama alinifundisha hivyo."

"Miaka sita hujaniambia."

"Nachekecha alfajiri, wewe hujafika kazini. Na wadudu nao ni habari ya kusimuliana?"

Wifi akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. Mkate ulitaka vikombe nane. Kila kikombe chake kilizidi kwa gramu thelathini na tano, jumla mia mbili themanini. Kwa kipimo cha Bi Kikombe, hivyo ni zaidi ya vikombe viwili vya ziada, kila jioni, na maji yale yale. Bi Kikombe akavuta kigoda akakaa. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa utani wote ule.

"Nisamehe, wifi. Mkono wako hauna neno."

Wifi akaandika: unga, kilo moja kamili.

Ijumaa Bi Kikombe alifukuzwa jikoni, akabaki nje ya dirisha akitafuna kucha. Mikate ikaumuka mpaka ikavuka ukingo wa vyombo. Matroni alikula vipande viwili, akaomba cha tatu, akasema Jumatatu wifi aanze rasmi.

Bi Kikombe akaingia mbio, akamega, akatafuna amefumba macho.

"Haki ya Mungu, huu ni mkate wangu kabisa!"

Wifi alikuwa anajifuta machozi kwa kiwiko, mikono imejaa unga.

"Hapana, wifi," akasema. "Huu ni wangu."