Chupa ya Mama Mkwe

Mimi ndiye yule mwanamume mzima aliyemdhania mama mkwe wake mchawi, kumbe tatizo lilikuwa biskuti.

Naendesha lori la chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe. Mchana nilikuwa nakula nikiendesha: biskuti za krimu, soseji za kopo, na sukre, ndivyo tunavyoita soda huku Likasi, chupa tatu kwa siku. Ikifika saa tisa, furaha yote ilinitoka. Moyo ulidunda ovyo. Nilifika nyumbani na hasira za bure, nikamfokea mke wangu kwa sababu mlango umelia. Siku nyingine nililia mwenyewe, nikasingizia vumbi la chokaa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi tangu Pasaka. Na giza langu lilianza lini? Pasaka. Kwamba Pasaka hiyo hiyo kilifunguliwa kibanda chenye friji kwenye geti la kazini, hilo sikulifikiria.

Nikafunga siku tatu kanisani, nikilala huko huko, maji matupu. Siku ya kwanza kichwa kilitaka kupasuka. Siku ya tatu nikawa mtulivu kama maji ya mtungi. Ushahidi nikawa nao: mbali na mama mkwe, nafuu! Niliporudi nikasukuma sahani aliyonipakulia, mbele ya wote. Kwetu, kukataa chakula hivyo ni kumwita mtu mchawi bila kufungua mdomo. Kesho yake alirudi kwake Kambove, na mke wangu akaacha kusema nami.

Giza halikuondoka naye. Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyeniuliza, "Tata, ku kazi unakulaka nini?" Nilipomtajia, alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Ile sukari inakupandisha, kisha inakuangusha, na moyo inafwata. Acha kwanza, tutaona."

Wiki mbili za viazi vitamu na maji, nikaanza kulala vizuri. Aibu ndiyo haikulala.

Nikaenda Kambove kuomba msamaha. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniwekea kiti, akaleta sukre baridi, akaifungua mbele yangu.

"Kunywa, mukwe yangu."

Muuguzi alikuwa amekataza. Lakini kumkataa mara ya pili kungekuwa kumzika mzima mzima.

Nilikunywa. Alinitazama koo, funda kwa funda, mpaka chupa ikakauka. Kisha akaingia ndani kufunga mizigo yake, turudi wote Likasi.