Mstari wa Kijivu

Harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka hunirudisha utotoni hata leo. Nikipita karibu na magereji ya mtaa wa Buyenzi ikanifikia, ninakuwa tena binti wa miaka kumi, nimepiga magoti kwenye mkeka, nimejaa hofu.

Mama alifanya kazi ya kuchapa katika chumba chetu cha mbele: kompyuta moja kuukuu, printa moja, na wanafunzi waliomletea memwari zao, yaani tasnifu za chuo kikuu. Wiki moja mashine ikaanza kuzimika yenyewe. Mama alipoifungua, tulikuta kondansateri tano, vile vipipa vidogo vya kutunzia umeme, zimevimba vichwa na kuvuja maji ya kahawia. Fundi alituambia tuitupe. Lakini humo mlikuwa na kazi ya mwaka mzima ya mmoja wa wanafunzi hao, Dada Espérance, iliyotakiwa chuoni kesho yake, na mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni akitafuna kucha.

"Babu yako alinifunza kutengeneza redio," Mama akaniambia. "Hii nayo ni umeme tu."

Alileta kondansateri mpya kutoka maduka ya Asiatique, akachomeka pasi ya kuyeyushia risasi ipate moto.

"We utanisomea mustari. Nataka ujifunze."

Kila kipipa kilikuwa na mstari wa kijivu ubavuni, nao ulipaswa kuelekea alama nyeupe iliyochorwa kwenye bodi, ule ubao wa ndani ya mashine. Ukikigeuza, alisema Mama, kitapasuka kama bisi na bodi nzima itakufa. Nilijivuna kidogo, kisha hofu ikaniingia.

"Mustari?"

"Iko sawa, Mama."

Tulienda hivyo hadi cha tano. Mama akasema bismillahi, akashika plagi. Hapo nikatupa jicho kwenye bodi: mstari wa kile cha tatu ulikuwa umeipa alama mgongo. Nilikuwa nimejibu huku nikimtazama Espérance akifuta machozi. Kusema mbele ya mgeni ni aibu, kunyamaza je?

"Mama, apana! Cha tatu nimekosea!"

Espérance akafunika uso. Mimi nikasubiri kofi. Mama aliweka plagi chini polepole.

"Nionyeshe na kidole."

Alikichomoa, akakigeuza. Nikavigusa vyote, kimoja kimoja, mara mbili. Mashine ilipolia "pii", Espérance alipiga vigelegele, lakini Mama alinishika kichwa tu, muda mrefu. Nilidhani anafurahi kwamba nimejifunza.

Miaka mingi baadaye alitolewa mtoto wa jicho, na daktari akasema ugonjwa ulianza zamani sana. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza kama siku ile aliiona ile mistari.

"Hata moja sikuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeogopa."

Niliogopa vilevile, ila niliogopa kosa langu tu. Yeye aliogopa kwa ajili yetu wote, mbele ya mteja wake, bila macho mengine ya kutegemea isipokuwa yangu. Akaniacha niamini kwamba ananifundisha.