Daktari wa Redioni

Siprosa Auma, mkaanga samaki wa kijiji cha Kisegi, aliidharau redio ya mawasiliano ya zahanati tangu ilipoletwa. Kila mwezi nesi alimpima presha, akamsomea vipimo redioni daktari aliyekuwa mjini Homa Bay, na sauti yenye mikwaruzo ikajibu, "Aendelee na dawa." Miguu ilipomvimba nesi alieleza, sauti ikasema vilevile. Siprosa akasonya, akafunga safari ya mjini.

Daktari alibonyeza mguu wake, kidole kikaacha shimo. "Nani amekuwa akikutibu, mama?" akauliza kwa ukali.

"Ni wewe," Siprosa akasema, maana sauti aliitambua. "Wewe wa redio."

Daktari akambadilishia dawa. Uvimbe ulipopungua, Siprosa aliwaambia wenzake sokoni kwamba daktari asiyekuona ni mpiga ramli aliyevaa koti jeupe.