Maji ya Alfajiri Upande wa Mnadani

Niliporudi kuishi na mama yangu, nje kidogo ya Buseresere, kamati ya kisima chetu ilinipa kazi ya kutunza mfumo wa maji. Kisima ni kirefu, cha wananchi wenyewe, lakini maji yake hayatoshi kufunguliwa pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yalikuwa na zamu. Upande wa mnadani, bondeni, ambako ng'ombe huuzwa, walipata alfajiri. Upande wa kanisani, kwenye mwinuko, walipata alasiri.

Hakuna aliyekwenda kufungua kwa mkono. Pale kwenye tenki kulikuwa na valvu mbili zenye mota, na kasha la chuma lililowekwa laini ya simu. Programu yetu ilikuwa kwenye seva za kukodi, katika nchi ambazo sijawahi kufika, na kila siku saa ile ile ililiambia kasha: fungua hii, funga ile. Unaiandika ratiba mara moja tu, kisha unaenda zako shambani, sokoni, msibani, nayo inaendelea kutii. Nilipomweleza mama, alisema hapendi kitu kinachofanya kazi bila kuonekana.

Kiangazi kilipokaza, watu wa kanisani walilalamika kwamba alasiri tenki linakuwa limechoka. Kamati ikakaa, ikaamua zamu zibadilishane: kanisani wachukue alfajiri, mnadani wangoje alasiri. Niliibadilisha ratiba mbele ya mwenyekiti, mama mmoja anayeleta dagaa kutoka Chato, asiyepoteza maneno.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Aliiangalia kompyuta yangu kama anavyoangalia mzani wa mtu asiyemjua.

Kesho yake alfajiri maji yakatoka mnadani. Kanisani mabomba yalitoa upepo, kisha matone, kisha upepo tena. Alasiri ilipofika, ambayo sasa ilikuwa zamu halali ya mnadani, yakatoka mnadani kwa mara nyingine. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na mama yangu nyumba yake iko mnadani, hatua chache kutoka bombani.

Hakuna aliyekuja kuniambia kitu usoni. Ila nilipopita dukani mazungumzo yalikatika, na dada mmoja wa kwaya, niliyesoma naye, alinijibu salamu huku anatazama viatu vyangu. Kibaya zaidi ni jirani yetu wa mnadani aliyenishika mkono mbele za watu, ndoo yake imejaa pomoni, akanishukuru kwa sauti, "Wabeja, mwanangu. Mama yako kazaa mtu." Wanawake wa kanisani waliokuja na madumu yao kuomba maji bondeni walisikia kila neno.

Jioni mwenyekiti akaja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kukaa.

"Leo asubuhi hapa kwenu maji yametoka?"

"Yametoka, mama."

"Na ratiba yako inasema yatoke wapi?"

"Kanisani."

"Basi nani mwongo, ratiba au bomba?"

Kwanza nilishuku saa. Seva hazihesabu saa kama sisi, ziko nyuma yetu, na mtu akisahau kuongeza tofauti hiyo anaweza kufungua maji wakati watu wamelala. Nikakagua, saa zilikuwa sawa. Nikauliza programu ilifanya nini asubuhi ile. Ikajibu kwamba imefungua kanisani na kufunga mnadani, kazi imekamilika, hakuna kosa. Niliisoma taarifa hiyo mara kadhaa, na kila mara nilizidi kuamini kwamba kuna mtu anatudanganya.

Nikamshuku mlinzi wa pampu. Alikuwa mzee wa Kisukuma, mpole, mwenye spana kubwa ya kuzungushia valvu kwa mkono umeme ukikatika. Mkwewe alikuwa na kibanda cha chakula mnadani, na kibanda cha chakula kinahitaji maji mapema. Sikumwambia mtu. Nilianza tu kupita pampuni bila taarifa, najifanya nakagua nyaya, kumbe natazama kama spana imehama mahali pake na kama nati za valvu zina mikwaruzo mipya. Mzee alinivumilia, halafu akachoka.

"Mwangaluka," alinisalimu asubuhi moja, nami nikaitikia. "Binti, unanichunguza."

"Hapana, babu, nakagua nyaya tu."

"Unanichunguza mimi, na wale wanakuchunguza wewe. Kesho njoo kabla ya maji kufunguliwa, tukae hapa wote. Tuone nani ana mkono mrefu."

Nilipofika, bado ni kiza chepesi, nilimkuta mwenyekiti ameshakaa kwenye tofali, amejifunika kitenge mabegani. Mzee ndiye aliyemwita. Hakuniamini kiasi cha kukaa nami peke yake. Nikafungua kompyuta yangu mapajani, tukangoja. Spana ililala chini katikati yetu, mahali ambapo kila mtu aliiona.

Saa ilipofika mota ya kanisani ikanguruma, valvu ikafunguka. "Hiyo ni yangu," nikasema. "Hiyo ni halali."

Hata hatujapumua, mota ya mnadani nayo ikanguruma. Tulisikia maji yakishuka kwa kishindo kwenye bomba la bondeni, na lile la kanisani likakauka sauti. Mzee akanyanyua mikono yote miwili juu, vidole wazi, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Mwenyekiti hakumtazama yeye. Alitazama vidole vyangu.

"Hiyo ni nani?"

"Si mimi, mama."

"Mikono yako iko kwenye kompyuta."

Nikaifunga, nikaiweka chini kando ya spana. Maji yaliendelea kushuka.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuta mtu na kuanza kutafuta amri. Lile kasha la chuma halina macho. Yeyote mwenye neno lake la siri akiliambia fungua, linafungua, halijali ni nani. Programu yangu ilikuwa imesema kweli: ilifunga mnadani. Sauti nyingine ndiyo iliyokuja nyuma yake ikafungua. Na neno lile la siri sikulitunga mimi. Nililirithi kutoka kwa fundi aliyenitangulia, kijana wa Mwanza aliyeondoka baada ya kugombana na kamati.

Tulimpigia pale pale, simu ikiwa kwenye spika. Nilimweleza.

"Mfumo uliupokea ukiwa mzima," alisema. "Kama umeuharibu usinitafute mimi."

Akakata. Mwenyekiti akasema neno moja la Kisukuma ambalo mzee alilicheka na mimi nikajifanya sikulisikia. Nikamwambia nataka kubadilisha neno la siri la kasha sasa hivi. Akafikiri.

"Nusu uandike wewe," alisema, "nusu niandike mimi. Na nikiandika yangu, ugeuke."

Nikageuka. Alibonyeza herufi zake polepole, kidole kimoja, na nilisikia akizinong'ona kisha akajikatiza kwa kukumbuka kwamba nina masikio.

Kesho yake maji yalipanda kanisani. Mnadani mabomba yalikuwa makavu mpaka alasiri, kama ilivyopangwa.

Yule fundi alipiga mwenyewe siku hiyo hiyo, sauti imelainika. Alisema kabla mfumo haujahamishiwa kwenye seva za kukodi ulikuwa ukiendeshwa na kompyuta iliyoko ofisini kwa kaka yake, Mwanza. Baada ya kuhama, ile ya zamani haikuzimwa. Muda wote huo imekuwa ikituma amri zile zile za kufungua kwa saa zile zile, na hakuna aliyejua, maana kufungua valvu iliyo wazi hakubadilishi kitu. Tulipobadilisha zamu sisi, yenyewe ilibaki na zamu za zamani, kwa hiyo kila zamu valvu zote mbili zikawa wazi na maji yakafuata bonde. "Nilisahau tu, dada," alisema. "Nimeshaizima."

Inawezekana alisahau. Maelezo yake yanaingia akilini, na mtu yeyote wa kazi yangu angeyakubali. Lakini alikuwa ameondoka kwa hasira, na alipohitaji kukumbuka alikumbuka haraka mno. Sijui mpaka leo.

Kwenye mkutano wa watumiaji maji nilieleza kila kitu, kompyuta mbili, amri mbili, kasha moja. Watu walisikiliza. Kisha mzee mmoja wa kanisani akasimama, akauliza kwa adabu kabisa kwa nini hiyo kompyuta ya Mwanza ilichagua mnadani na si kanisani. Nilieleza tena. Akashukuru, akakaa, na nikaona kwamba hajabadilisha mawazo. Ikaamuliwa kwamba ratiba isiguswe bila mtu wa kanisani kuwepo, na mimi nikaunga mkono kabla hawajamaliza kusema. Mlinzi wa pampu nilimfuata kando nikamwomba radhi. Alisema yamekwisha, lakini spana akaanza kuilaza nyumbani kwake.

Jioni ile mama alikuwa anachambua mchele uani. Alikuwa amepitia yote yale bila kuniuliza hata swali moja, nami nilikuwa nimelichukua hilo kama imani yake kwangu. Niliketi kwenye kigoda nikamsimulia mkutano. Alipeperusha ungo, akatoa jiwe dogo, akalitupa.

"Kwa hiyo hukuwa wewe," alisema.

"Mama! Na wewe?"

"Nilijua umenionea huruma na huu mgongo wangu unaouma, ukayabakiza maji huku. Sikutaka kukuuliza usije ukalazimika kunidanganya." Akatoa jiwe jingine. "Nilikuwa nakuombea kila nikijaza ndoo."

Nilimtazama. Hakuwa na aibu wala hasira. Alionekana tu kama mtu aliyenyang'anywa kitu kidogo alichokuwa anakipenda. Nikachukua ndoo mbili nikaenda bombani, kwa kuwa zamu yetu ilikuwa bado haijafungwa.