Kikombe Kimoja Kabla ya Adhana

Nilimlambisha mdogo wangu ndimu yenye chumvi. Bora niliseme mwenyewe mwanzo, maana mtaani kwetu limekwisha kusemwa kwa namna nyingi, na katika mojawapo nilimtia na pilipili. Pilipili sikutia. Ilikuwa ndimu, chumvi kidogo, na watazamaji wawili.

Watazamaji walikuwa wenzangu wa darasani, niliowaita baada ya shule waje waone kioja. Kioja chenyewe kilikuwa uso wa mdogo wangu. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, mtoto wa kike mwenye mashavu kama maandazi, na tangu alipoota meno ya mbele ndimu ilikuwa mchezo wetu. Ukimgusisha ulimini, jicho moja linafumba, la pili linatoka, pua inapanda juu, kisha anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mwisho anacheka na kusema, "Tena!" Nilikuwa nimeusifia uso huo juma zima. Niliwaambia wenzangu unafanana na wa mwalimu wetu wa hesabu akisahihisha madaftari yetu.

Siku hiyo mtoto alikuwa analia tangu adhuhuri, lakini hatukujali. Mama ndiyo kwanza alikuwa anamwachisha ziwa, na kwetu mtoto akiachishwa, mama huondoka nyumbani siku moja mbili ili ziwa lisahauliwe. Ikasadifu kuna matanga ya shangazi yake Kigamboni, basi akafunga safari moja kwa mambo mawili. Asubuhi alivuka Magogoni, akaniachia maneno haya: "Mama mwenye nyumba atampikia. Wewe kazi yako ni moja, asilie sana." Baba alikuwa kazini relini huko bara, huja nyumbani kama mvua za vuli, ukimtegemea haji. Kwa hiyo mtoto alipolia, sote tulisema ni ziwa. Alipokataa uji, ziwa. Udenda ulipomtiririka mpaka kifuani, mimi mjuzi nikasema, "Anakumbuka maziwa huyo."

Nikampakata barazani nikampa ndimu.

Uso ule niliousifia sikuuona. Niliona mdomo. Ulifunguka wote, na ndani yake, ulimini, kwenye ufizi, mpaka ndani ya mashavu, palikuwa na vidonda vyeupe vyenye kingo nyekundu, kama mtu amemwaga punje za mchele. Sauti iliyotoka humo sikuwahi kuisikia kwa mtoto wala kwa mnyama. Wenzangu walikimbia. Mmoja aliacha kofia yake, na mpaka leo hajathubutu kuja kuitaka.

Mama mwenye nyumba akatoka ndani mbio. Mimi humwita Bibi, ingawa si nyanya yangu. Ni mwanamke mwembamba, mzee lakini mwepesi, mwenye nyumba yenye vyumba sita, na kwa maoni yake watoto wote waliomo ni wake pia.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu, Bibi."

Ndimu ilikuwa imo mkononi mwangu, nyuma ya mgongo.

Akamshika paji la uso. Moto. Akataka kumfungua kinywa, mtoto akajiziba kwa mikono yote miwili, akawa anapiga mateke. Bibi akautazama udenda, akamtazama anavyoukunja uso kila akitaka kumeza mate, halafu akasema neno ambalo lilinikausha mate mimi niliyekuwa mzima.

"Kimeo kimeanguka. Alfajiri namwita mzee aje akikate."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Watoto wengi kwetu hukatwa, na wengi hupona. Mzee mwenyewe tulimjua, mchana alikuwa akinyoa watu vichwa kando ya soko la Kariakoo, na kisu chake cha vimeo alikifunga katika kitambaa cha peke yake, kimepinda kama mundu mdogo. Lakini mwaka uliotangulia mtoto wa nyumba ya tatu, ukielekea Msimbazi, alikatwa na damu haikukata. Walimpangusa kwa kanga tatu. Alasiri tulikwenda makaburini, na nakumbuka hapakuwa na haja ya jeneza la watu wanne. Alibebwa na mtu mmoja, mikononi.

Ningesema palepale. Sikusema. Nilisubiri magharibi, nikasubiri isha, nikijiambia kwamba mtoto atalala, asubuhi ataomba uji, nami nitabaki na siri yangu na mgongo wangu mzima. Hakulala. Kila nikimkaribia na kitu chochote, kijiko, kikombe, hata kidole kitupu, alijiziba mdomo kwa mikono miwili na kunitazama juu ya vidole vyake. Si kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mbwa aliyekwisha kukuuma mara moja.

Wapangaji walipokwisha kulala nikamfuata Bibi ukumbini. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, koroboi mbele yake, anachambua choroko.

"Bibi."

"Nini tena?"

"Si kimeo. Ana vidonda kinywani, nimeviona. Nami nilimlambisha ndimu."

Akanyanyua koroboi akanimulika.

"Na juzi ulisema nini?"

Juzi nilisema kuna nyoka chooni. Wapangaji wanne walitoka mbio, mmoja bila msuli.

"Na Ramadhani ulisema nini?"

Ramadhani nilitangaza mwezi umeandama. Watu wakaanza kupika vya sikukuu.

"Basi," akasema. "Wewe hata ukiniambia kumekucha, mimi natoka nje kutazama."

"Wallahi, Bibi."

"Usimtie Mungu katika upuuzi wako. Unamwonea huruma, hutaki akatwe, ndipo umetunga ndimu. Moyo mzuri huo, lakini huruma haimezeshi mtoto."

Nikataja hospitali. Akasema saa hizo utamkuta askari wa zamu mlangoni, naye atauliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamtaja mama. Akasema chombo cha Magogoni hakivuki mpaka kupambazuke, na mimi nijue hivyo kuliko yeye, si mimi ndiye niliyesoma?

Kisha akachambua choroko chache, akasema bila kunitazama:

"Nilikuwa na wangu. Alikataa maji hivihivi. Watu wakaniambia kimeo hicho, mimi nikasema ni joto tu, atakunywa kesho. Siku moja nzima hakukojoa hata tone. Hapo nikajua. Lakini kujua kwenyewe kulikuwa kumechelewa."

Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo. Nilitafuta, mimi huwa sikosi, nikakosa.

"Haya," akasema. Akachukua kikombe chetu cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu, akakijaza maji. "Akinywa hiki kabla ya adhana ya alfajiri, mzee nitamrudisha. Asipokinywa, utamshika miguu wewe mwenyewe."

Basi nikaingia naye chumbani, mimi na mtoto na kikombe.

Kwanza nilitumia kazi yangu ya siku zote. Nikawa bata. Nikawa mwalimu wa hesabu. Nikavuta masikio, nikatoa ulimi, nikakunja uso ule wa ndimu uliokuwa ukimchekesha hata akiwa na usingizi. Alipouona uso ule aliangua kilio, akatambaa mpaka pembeni akajibanza nyuma ya kitanda. Nikaupangusa uso wangu kwa kiganja, kama vile unapanguswa ukatoka.

Nikajaribu kijiko, akakipiga kikaruka. Nikajaribu unyoya wa kuku, nikauchovya majini nimdondoshee mdomoni. Tone moja liliingia, likagusa kidonda, tukarudi mwanzo. Udenda sasa ulikuwa na uzi wa damu. Analia bila machozi mengi, sauti imekuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Nilipomshika mgongo nilihisi moyo wake unakwenda mbio kama wa njiwa, na nikawa namfikiria mtu yule aliyembeba maiti mikononi.

Ndimu yenyewe ilikuwa bado mfukoni. Nikaitoa nikaila yote mbele yake, na ganda lake, mpaka machozi yakanitoka. Alinitazama toka nyuma ya kitanda. Hakucheka.

Mwishowe nilifanya jambo la kijinga kwa kukosa la akili. Nilichukua kanga ya mama kambani, ile aliyoivua asubuhi, nikambeba mgongoni kama wanawake wanavyobeba, mvulana mzima mwenye ndevu tatu, nikatoka naye uani. Lau wenzangu wangeniona nisingeingia shule tena. Kanga ilinukia moshi na mama. Akalaza shavu mgongoni kwangu, kilio kikapungua kikawa mguno. Nikazunguka uani, toka jikoni mpaka chooni, toka chooni mpaka jikoni. Hata nyoka wangu wa uongo nilimpita mara nyingi.

Pembeni mwa ua ulikuwepo mtungi wa maji ya kunywa, umekaa juu ya mafiga, na usiku huo ulikuwa umetoka jasho kama mitungi itokavyo. Nikaegemea ukuta hapo nipumzike. Yeye akanyoosha mkono akaugusa. Akanyamaza. Nikamfungua mgongoni nikamweka chini taratibu, na sikusema neno, maana nilikwisha kujua kwamba sauti yangu haina faida. Akauegemea mtungi. Akaweka shavu. Kisha akageuza uso, akaweka mdomo wake kwenye udongo ule wa baridi, akatulia hivyo, macho wazi. Halafu nikasikia analamba.

Nilirudi chumbani kwa ncha za vidole, nikachukua kikombe. Nilikiweka chini karibu naye, nikaondoka. Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko, nikampa mgongo. Mimi siwezi kukaa kimya hata msikitini, muulize imamu. Nilikaa. Nyuma yangu nikasikia maji yanachezewa. Nikageuza jicho moja tu: ametia vidole kikombeni, anavinyonya. Anatia tena, anavinyonya, anakunja uso, analia kidogo, anatia tena. Mengine anamwagia tumboni. Mengine anaupa mchanga. Nikawa nasema moyoni, kwako, kwako, si kwa mchanga.

Mkokoteni wa kwanza wa sokoni ukapita njiani, magurudumu yanalia. Wachukuzi wakawa wanaitana. Nilijua maana yake, nikatamani wote wavunjike magurudumu.

Adhana ikaadhiniwa. Na kabla haijamalizika, Bibi akafungua mlango wa uani, na nyuma yake mzee, kofia kichwani, kitambaa kile mkononi.

"Shikamoo," nikasema, kwa wote wawili.

"Marahaba," akajibu mzee. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi. Alikiinua kikombe. Maji yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu.

"Amekunywa, Bibi. Kwa vidole. Na mtungi pia aliulamba."

"Ameulamba mtungi?"

"Ndiyo."

"Mzee," akasema Bibi, "umeona mambo yangu? Kila siku mimi hulishwa uongo kama huu."

Mzee alikwisha kuchuchumaa. Alikuwa mtu mpole, hilo ndilo lililonitisha. Akafungua kitambaa pole pole, akaniambia nimpakate mtoto, nimshike vizuri, asitikisike, maana kutikisika ndiko kunakodhuru. Nikampakata. Sikumshika kama alivyosema. Nilimkumbatia nikageuka nikaelekea ukutani, nikasema, "Nikate mimi kwanza."

"Acha mchezo," akasema Bibi.

"Si mchezo."

"Geuka."

Sikugeuka. Akaja akanishika bega, mkono wake una nguvu ingawa ni mzee. Mtoto akaanza kulia, na ndipo nilipohisi joto. Lilianza kifuani, likateremka tumboni, likaenea kwenye shati langu la shule, lile moja nililokuwa nalo, likapita mpaka miguuni, likaendelea. Sikujua mtu mdogo kiasi kile ana akiba kubwa hivyo.

Mkono wa Bibi ukaacha bega langu. Ukaligusa shati. Akaunusa, akaligusa tena chini zaidi, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Amekojoa," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Mengi."

"Yapo mengine yanakuja."

Hakunikemea. Alikaa chini palepale juu ya mchanga, akainamisha kichwa. Kisha akamwambia mzee amsamehe kumwamsha, kahawa ipo jikoni, kisu akifunge.

Mama alifika jua likiwa limekwisha kupanda, matope ya kivukoni bado miguuni. Bibi alimsimulia yote, na safari hii ndimu aliitia. Mama hakunitazama. Alimpakata mtoto mlangoni penye mwanga, akamwimbia mpaka akafungua kinywa, akavitazama vidonda kimoja kimoja. Mimi nikasogea, nikiwa na shati langu lililokauka na kunuka, nikanyoosha mkono nimshike mdogo wangu mguu. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mama aliiona mikono ile. Akanitazama mimi, akasema:

"Ulitaka kuuona uso wake. Basi leo shule huendi. Kaa hapa uutazame."